Nimekabidhiwa nyumba ya baba mdogo niisimamie: kazi yangu ni ipi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Tabata, Dar es Salaam. Baba yangu mdogo anaishi Muscat, Omani, na hapa ana nyumba yenye apatimenti sita na fremu mbili za duka kwa mbele. Aliyekuwa akisimamia amehama, na baba mdogo amenikabidhi kwa simu tu: "Wewe simamia, uwe unanitumia kodi." Nimekuwa nikikusanya na kutuma. Sasa karo la maji taka limejaa, mpangaji mmoja hajalipa miezi mitatu, na mpangaji wa fremu moja anasema atakata asilimia 10 ya kodi aipeleke TRA. Huyu asiyelipa, baba mdogo anasema nimfungie kufuli. Kwani kazi ya msimamizi wa nyumba ni ipi hasa? Inaanzia wapi, inaishia wapi? Na mimi nastahili kulipwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na ninaona maswali yako yote yana mzizi mmoja: umekabidhiwa nyumba bila kukabidhiwa madaraka. Baba yako mdogo anadhani amekupa kazi ya kupokea pesa na kuzituma. Kazi hiyo hata simu inaifanya siku hizi. Msimamizi ameshika vitu viwili ambavyo si vyake: pesa za mwenye nyumba na maskani ya mpangaji. Vyote viwili anapaswa kuvitunza, na siku yoyote atakayoulizwa aweze kuonyesha amevitunzaje. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na kila msimamizi niliyemwona akianguka alianguka kwa sababu alikumbuka kimoja akasahau cha pili.

Nianze na kufuli, maana hilo halisubiri. Usifunge. Usikate umeme wala maji, using'oe mlango, usitoe vyombo nje. Haya tunayaona mitaani kila mwezi mpaka watu wanadhani ni haki ya mwenye nyumba. Si haki yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaingiza ndani ya kila mkataba wa pango, hata kama hamkuandika, sharti kwamba mpangaji akae kwa amani bila kubughudhiwa. Anayedaiwa bado ni mpangaji mpaka upangaji wake utakapositishwa kwa njia halali. Ukishafunga kufuli, deni lake la miezi mitatu linageuka dogo na kosa lako linageuka kubwa. Atakwenda polisi aseme ndani kulikuwa na dawa za mtoto, vyeti vya shule na shilingi milioni mbili za kikoba. Utathibitisha vipi kwamba hazikuwemo? Na atakayeitwa kituoni ni wewe uliyeko Tabata. Baba yako mdogo yuko ng'ambo ya bahari.

Njia iliyonyooka ni ndefu kidogo, lakini inafika. Kwanza kaa naye uso kwa uso, uulize kwa nini. Miezi mitatu haifanani: kuna aliyeachishwa kazi, kuna aliyefiwa, kuna anayekataa kulipa kwa sababu dari linavuja tangu mvua zilizopita na hakuna aliyemsikiliza, na kuna mzoefu wa kukaa bure. Wa kwanza na wa pili andikishianeni namna ya kulipa kidogo kidogo, kwa tarehe na kiasi, kila mmoja abaki na nakala yenye saini. Wa tatu, tengeneza dari kwanza. Wa nne mwandikie notisi kwa maandishi, ukitaja deni, kipindi chake na siku ya mwisho, umkabidhi mbele ya shahidi au upitie ofisi ya serikali ya mtaa. Muda wa notisi uuangalie kwenye mkataba wenu, na kabla hujaandika kwamba unasitisha upangaji muulize wakili, maana notisi yenye kasoro inakurudisha mwanzo. Ikishindikana, peleka shauri Baraza la Ardhi la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza hilo kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Lisipowapatanisha ndani ya siku 30 unaruhusiwa kusonga mbele kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko amri ya kumtoa inakotoka, na anayeitekeleza ni dalali wa mahakama, si wewe na vijana wa kijiweni.

Utaona kwamba kila hatua niliyoitaja inahitaji karatasi. Nani alisaini mkataba? Wewe unasimama badala ya nani? Hapo ndipo simu ya baba yako mdogo inapokosa nguvu. Mwombe hati ya uwakilishi, aisaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu Muscat au ya wakili atakapokuja likizo. Hati iseme wazi: unaweza kupangisha na kusaini mikataba kwa niaba yake, kupokea kodi, kutoa notisi, kusimama mbele ya mabaraza na mbele ya TRA. Na iseme pia usichoweza: kuuza, kuweka rehani, kubadilisha matumizi ya nyumba, kupandisha kodi bila idhini yake. Mpaka huo unakulinda wewe kuliko unavyomlinda yeye. Akitokea mtu kesho kutwa na madai kwamba ulimuahidi kumuuzia fremu, hati inakujibia.

Pamoja na hati hiyo, kubalianeni kwa maandishi kiwango cha matengenezo unachoweza kufanya bila kumuuliza. Tuseme shilingi 150,000. Bomba likipasuka saa tano usiku huwezi kusubiri aamke asubuhi, na kitasa cha mlango hakihitaji kikao cha familia. Kinachozidi hapo unampelekea bei za mafundi wawili au watatu na picha, yeye anaamua. Kisha aandike barua fupi kwa wapangaji: kuanzia leo msimamizi ni fulani, kodi ilipwe kwenye akaunti fulani. Wapangaji wengi wamewahi kulizwa na matapeli wanaojiita wasimamizi, kwa hiyo usiwalaumu wakikuuliza karatasi. Anayeuliza ndiye atakayekuwa mpangaji mzuri. Nakala nyingine ipeleke serikali ya mtaa ili mwenyekiti na mtendaji wakujue kabla hamjakutana kwenye ugomvi.

Sasa pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo undugu unapovunjika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua akaunti ya benki au namba ya simu ya malipo ambayo ni ya nyumba peke yake. Usipokee kodi kwenye M-Pesa yako ile ile unayonunulia chakula. Hata uwe mwaminifu kiasi gani, pesa zikishachanganyika huwezi kumuonyesha mtu yeyote ipi ilikuwa yako. Kila anayelipa apate risiti yenye namba, tarehe, kiasi, na kipindi anacholipia. Hicho kipindi ndicho watu wanachosahau kuandika, na ugomvi mwingi wa kodi hautoki kwenye kiasi, unatoka kwenye "nililipa mpaka mwezi wa tisa" na "hapana, mpaka wa nane".

Desturi yetu ya kulipa miezi mitatu, sita au mwaka kwa mkupuo inaleta mtego ambao wenye nyumba wengi hawauoni. Chukua mfano: apatimenti sita za shilingi 250,000 na fremu mbili za 200,000. Kwa mwezi nyumba inazaa 1,900,000. Lakini wewe hupokei hivyo. Mwezi wa kwanza wapangaji watatu wa apatimenti wanalipa miezi sita kila mmoja, unajikuta na 4,500,000 mkononi, unamtumia baba mdogo zote, anafurahi, ananunua kiwanja. Mwezi wa tatu karo linajaa na akaunti ina shilingi 40,000. Unampigia simu, anashangaa: "Si juzi tu nimepokea milioni nne?" Alizopokea zilikuwa pia kodi za miezi ambayo bado haijafika. Nyumba inadaiwa huduma kwa miezi hiyo. Na mpangaji akilazimika kuhama katikati, anaweza kudai ya miezi ambayo hakukaa, kutegemea mlivyoandikiana. Hilo nalo liwekeni kwenye mkataba kabla hajalipa, lisingojwe mpaka siku ya kubeba vyombo.

Kwa hiyo fanya hivi. Daftari lako liwe na safu ya kodi iliyolipwa na safu ya kodi ya miezi iliyokwisha kupita. Mtumie baba mdogo sehemu ya mwezi husika, au kama anataka mkupuo, aelewe kwa maandishi kwamba anachukua kodi ya mbele. Kabla hujatuma chochote, tenga asilimia 10 ya kodi kama akiba ya matengenezo. Katika mfano wetu ni 190,000 kwa mwezi. Hiyo haiguswi kwa harusi wala msiba. Mwisho wa mwezi mwandikie taarifa ya ukurasa mmoja: zilizoingia, zilizotoka na risiti zake, akiba iliyobaki, nani anadaiwa, nini kinahitaji kutengenezwa. Mtumie hata kama hakuuliza. Mtumie hasa akiwa hakuuliza. Mtu aliye mbali hujaza kimya chako kwa mawazo yake, na ndugu wa pembeni watamsaidia kuyajaza.

Na akija kukuambia binamu yako akae apatimenti namba nne bure, hiyo ni haki yake, nyumba ni yake. Wewe andika tu kwenye taarifa: namba nne, kodi 250,000, imesamehewa na mwenye nyumba. Usipoandika, baada ya mwaka mtu atauliza kwa nini mapato yameshuka, na atakuwa anakutazama wewe.

Kuhusu karo. Leta gari la kunyonya maji taka wiki hii, pesa zitoke kwenye kodi ya nyumba. Usisubiri mvua, na usimruhusu mtu yeyote kulifungulia wakati wa mvua kama wanavyofanya wengine mjini humu. Uchafu ule unakwenda kwenye milango ya majirani na visima vyao, na kipindupindu hakiulizi nani alifungua. Wala huna sababu ya kubishana na wapangaji nani analipia. Sheria ile ile ya Ardhi inasema sehemu ya jengo inapopangishwa, mwenye nyumba ndiye mwenye wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo yanayotumiwa na wote. Tena nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa mtu kuishi, siku ya kuingia na siku zote za mkataba. Mpangaji kwa upande wake alipe kodi, atunze ndani, na akitoka airudishe kama alivyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida. Taa iliyoungua ni yake. Waya unaotoa cheche ukutani ni wako.

Uzoefu wangu ni kwamba nyumba ya Dar es Salaam inaharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo kalenda yako ifuate mvua. Mwezi wa pili, kabla ya masika, panda juu ukague bati, misumari, mifereji ya paa na dari. Nyonya karo likiwa nusu, kwa sababu maji ya ardhini yakipanda hata karo lililokuwa na nafasi hujaa. Rudia mwezi wa tisa kabla ya vuli. Kagua tangi la maji na ulisafishe, kagua pampu, kagua nyaya za taa za nje. Fundi bomba na fundi umeme wawe wale wale, uwalipe kwa wakati, nao watakuja usiku ukiwaita. Fundi wa bei rahisi anayebadilika kila mara hajui bomba limepita wapi ndani ya ukuta.

Siku mpangaji anapoingia, zungukeni naye chumba kwa chumba, mwandike hali ya kila kitu: vioo, vitasa, soketi, sinki, rangi, idadi ya funguo, namba ya mita ya LUKU na uniti zilizobaki. Piga picha, msaini wote. Siku anapotoka mnazunguka na karatasi ile ile. Nusu saa hiyo inaokoa wiki mbili za kurushiana maneno.

Bili za pamoja zigawe mchana kweupe. Kama maji ya DAWASA yana mita moja kwa nyumba nzima, weka mita ndogo kwa kila mlango kadiri akiba itakavyoruhusu. Kabla ya hapo bandika bili yenyewe ukutani na mgawanyo wake. Umeme wa pampu na taa ya geti uwe na mita yake. Na kuna jambo la kodi ya majengo: tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, cha ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye jengo. Mpangaji mwenye mita inayokatwa ana haki ya kukuuliza, na jibu la heshima ni kumpunguzia kiasi hicho kwenye pango. Angalia pia kama mita zaidi ya moja katika nyumba yenu zinakatwa kwa jengo lile lile. Kama ndivyo, nenda TRA na orodha ya mita ukarekebishe.

Tukiwa bado TRA, mpangaji wako wa fremu yuko sahihi, usigombane naye. Anayefanya biashara anapolipa pango anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango hilo na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Katika mfano wetu, kwenye 200,000 atakulipa 180,000 na kupeleka 20,000. Hiyo 20,000 si punguzo, ni kodi ya mapato ya baba yako mdogo iliyolipwa serikalini kwa niaba yake. Wewe dai kila mara hati ya zuio, yaani karatasi inayothibitisha kwamba pesa hiyo imezuiwa na kupelekwa TRA, na kwenye daftari andika 200,000 imeingia, 20,000 imelipwa TRA. Asiyekupa hati amekukata pesa tu. Asilimia 10 ni kwa mwenye nyumba anayehesabiwa mkazi kikodi. Kwa asiye mkazi kiwango ni kikubwa zaidi, na baba yako mdogo anaishi Omani. Kwa hiyo nenda na TIN yake, ueleze hali yake, upate jibu la maandishi. Mikataba ya fremu na ya apatimenti pia inatakiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa fremu ya 2,400,000 kwa mwaka ni shilingi 24,000. Watu wanaona ni gharama ya bure mpaka siku wanapofika barazani na mkataba usio na stempu unakataliwa kupokelewa kama ushahidi.

Fremu zina hatari moja zaidi ambayo inaninyima usingizi. Mwenye duka ataomba kubomoa ukuta aunganishe vyumba, au kuchimba chini apate stoo. Atakuambia ni kaukuta tu. Mwambie hapana mpaka mhandisi aone na kibali cha halmashauri kipatikane, hata kama baba mdogo amekubali kwa simu. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wafanyabiashara na wateja waliokwenda kutafuta riziki zao. Msimamizi ndiye anayepita pale kila siku. Ukiona ufa unaopanuka, nguzo iliyochongwa, mlango ambao ghafla haufungi, ni wajibu wako kusema kwa maandishi siku hiyo hiyo, na kuwaondoa watu kama mtaalamu atasema waondoke. Hakuna kodi inayolingana na hilo.

Tuzungumze kuhusu watu wenyewe. Funguo za akiba za milango sita ziko kwako. Humo ndani kuna wanawake wanaoishi peke yao, kuna watoto wanaorudi shule kabla ya wazazi. Usiingie kwa mtu bila taarifa, labda moto au maji yanafurika. Ukitaka kukagua, toa taarifa siku moja au mbili kabla, uende mchana, mwenyewe akiwepo. Usimtume fundi ndani kwa mama wa watu bila mtu mwingine mzima kuwepo. Na nisikie vizuri mwanangu: mpangaji wa kike anayechelewa kodi hadaiwi kitu kingine chochote zaidi ya kodi. Nimeona wasimamizi wanaotumia deni kama kamba ya kumvutia mtu. Huo ni unyama, na anayeufanya hafai kushika funguo za nyumba ya mtu yeyote. Ukisikia fundi, mlinzi au ndugu yako anafanya hivyo kwenye nyumba unayoisimamia, hilo ni lako kulimaliza.

Nakala za vitambulisho vya NIDA, namba za simu na mikataba ya wapangaji ni siri pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Usibandike majina ya wadaiwa getini wala kuyatupa kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Kundi hilo libaki la bili, maji na taarifa za matengenezo.

Kuchagua mpangaji mpya nako ni kazi yako, hata kama dalali ndiye aliyemleta. Dalali anataka mwezi wake mmoja na kuondoka. Wewe utabaki na mtu huyo mwaka mzima. Ona kitambulisho, jua anafanya kazi gani, mpigie aliyekuwa mwenye nyumba wake wa mwisho, mpeleke akajitambulishe serikali ya mtaa. Kabila, dini na kama ana mtoto bila mume havihusiki na uwezo wake wa kulipa kodi. Na usigawane na dalali kwa siri. Ukitaka sehemu, baba mdogo ajue, kwa sababu siku utakapoanza kula kwenye udalali utaanza pia kupenda wapangaji wahame.

Wazee wa hapa mjini bado wanazungumzia "nyumba za Msajili". Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akawa msimamizi wa maelfu ya wapangaji mpaka 1990, shughuli zake zilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Tembea katikati ya jiji utazame majengo ya enzi ile ambayo kodi ilibaki ndogo na matengenezo yakaahirishwa mwaka hadi mwaka. Ukuta haujui kama mwenye nyumba ni serikali, tajiri au baba mdogo. Unajua tu kama kuna mtu aliyepanda juu kabla ya masika.

Mwisho, malipo yako. Ndiyo, unastahili, na useme bila aibu. Wanaofanya kazi hii mjini hulipwa kati ya asilimia 5 na 10 ya kodi. Kwa nyumba kama yenu na kazi niliyoieleza, asilimia 7 ni ya haki: kwenye 1,900,000 ni 133,000 kwa mwezi. Iwe asilimia ya kodi iliyokusanywa na si iliyotarajiwa, ili nawe uwe na sababu ya kufuatilia. Iandikwe kwenye taarifa ya kila mwezi kama gharama, ionekane. Usichukue cha juu kwa fundi, usipandishe bei ya saruji, usijikopeshe "nitarudisha Ijumaa". Msimamizi asiyelipwa hujilipa mwenyewe, na baba yako mdogo anapaswa kulielewa hilo kabla hajakwambia kwamba sisi ni ndugu.

Kwa hiyo kaa leo na huyo mpangaji anayedaiwa, kisha mwandikie baba mdogo. Mwambie karo limejaa, gharama yake ni kiasi gani, na kwamba huyo mpangaji wa miezi mitatu umekwisha kuzungumza naye na haya ndiyo mliyokubaliana. Mweleze kufuli hulifungi na kwa nini. Ambatisha rasimu ya hati ya uwakilishi, makubaliano ya akiba na ya malipo yako, akasome pole pole. Akikataa kusaini, usikasirike wala usimvunjie heshima. Mwambie, "Baba, nitakukusanyia mpaka mwisho wa mwezi ujao nikukabidhi daftari na funguo, utafute mwingine." Na ukisema hivyo, timiza.